Muosha Naye Ameoshwa



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada.

Tangu mfungo wa Ramadhani uliopita hadi juma hili, kijiji kimoja cha kusini mwa pwani yetu, kilichokaa baina ya mashamba ya minazi na ukingo wa mikoko, kimechimba makaburi manne. Kwa mji mkubwa, makaburi manne ni kazi ya siku moja. Kwa kijiji ambacho nyumba zake hazitimii mia, watu wanne ni nguzo nne za nyumba moja, na nyumba iliyoondokewa na nguzo nne hubaki ikisimama kwa fadhila za Mola tu.

Tumeazimia kuwakumbuka wanne hao katika safu hii. Wafiwa wametupa idhini ya kuyasimulia waliyoyatenda, wakatutaka tusiyataje majina, wasije wakadhaniwa kuwa wanajitukuza kwa maiti wao. Ombi lao tumelipokea kwa heshima. Aliyewajua atawatambua kwa sifa zao, na asiyewajua hatapungukiwa na kitu, kwani waja wa namna hii wamo katika kila kijiji, na huenda mmoja wao yuko jirani na msomaji hivi sasa, akiwa hai bado.

Kabla ya kuwasimulia, na tukumbushane adabu yenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwataja wafu wetu kwa mema yao na kujizuia na mabaya yao. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba jeneza lilipita, watu wakamsifu marehemu kwa kheri, na Mtume akawaeleza kuwa kwa ushahidi wao huo Pepo imemthubutikia. Waumini ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Basi kumtaja aliyetangulia si mazungumzo ya kupitishia wakati barazani. Ni shahada, na shahada hutolewa kwa ukweli. Hatumpambi maiti kwa asichokuwa nacho, wala hatumnyimi alichokuwa nacho kwa kuwa alikuwa mnyonge.

Wa kwanza kututangulia alikuwa mzee mvuvi wa madema. Alikuwa amepita umri wa miaka themanini, na hadi kusi ya mwaka jana alikuwa akisuka dema kwa mikono yake, akiwa ameketi chini ya mkungu. Wenziwe wa bandarini wanamkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba matundu ya dema lake yalikuwa mapana kuliko ya wengine. Alipoulizwa, hujibu kuwa tafi mdogo ana haki ya kurudi kwa mamaye. Vijana walicheka, lakini kila mmoja ameona tafi walivyoadimika penye wavu wenye macho madogo, na wale waliomcheka ndio leo wanaoipima mitego yao kwa vidole vitatu, kama alivyopima yeye.

La pili ni hesabu yake ya bahari. Alijua siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuutazama mwezi, bila ya kuhitaji kalenda ya ukutani. Alijua upepo unapogeuka kutoka kaskazi kwenda kusi kabla ya bahari kuchafuka, na akisema leo hapana kutoka, chombo hakikutoka. Watoto wa kijiji kile wameishi na baba zao kwa sababu ya neno lake hilo moja. Hakuna daftari lililoandika ni watu wangapi waliobaki hai kwa kumsikiliza, na hesabu hiyo tunaiachia kwa Mwenye kuhesabu kila kitu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Ujuzi wa mzee huyu haukuandikwa. Majina ya miamba aliyoitegea, alama za nchi kavu alizozilinganisha akiwa baharini, vipimo vya dema, aina za fito na majira ya kuzikata, yote yalikuwa kifuani mwake. Mjukuu wake mmoja amerithi sehemu, na sehemu nyingine imekwenda naye. Wapwani hatukukosa mfano mwema wa kuufuata katika hili. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 katika kijiji cha Matondoni kisiwani Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi, na akafariki mwaka 2017, aliyashika maneno ya mafundi wale na kuyatia katika utungo wake uitwao Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979. Baadaye akautendea mnazi vivyo hivyo katika Umbuji wa Mnazi. Alitambua kwamba fundi akifa na maneno yake hufa pamoja naye, ila apatikane wa kuyahifadhi. Si kila mmoja wetu ni mtunzi wa mashairi, lakini hapana nyumba leo isiyokuwa na simu ya kurekodia sauti ya babu.

Wa pili alikuwa mwalimu wa chuo. Alisomesha Qur'ani kwa zaidi ya miaka arubaini chini ya paa la makuti, na malipo yake yalikuwa ni vile vijisenti vya Alhamisi, tena kwa mwenye kujaliwa. Asiyekuwa nacho alileta kuni, na asiyekuwa na kuni alileta mtoto peke yake, akapokewa. Mwalimu alijilimia muhogo wake mwenyewe asubuhi mapema, kisha akaketi na watoto. Katika waliopita mbele yake wako maimamu wa misikiti mitatu, yuko muuguzi, wako walimu wa shule, na wako akina mama ambao leo ndio wanaowafundisha watoto wao juzuu ya kwanza jikoni, huku chungu kikiwa motoni.

Aliacha daftari kubwa. Ndani yake, kwa mkono mzuri na kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, aliandika jina la kila mtoto aliyeingia chuoni, jina la babake, siku aliyoanza na siku aliyohitimu. Pembeni aliongeza mambo ya kijiji: mvua kubwa, ndoa, vifo, mwaka mnazi fulani ulipoanguka. Hilo ndilo kumbukumbu ya pekee iliyoandikwa ya kijiji kile. Nalo limebaki mikononi mwa vijana ambao wengi wao wanasoma Qur'ani vizuri, lakini Kiswahili cha herufi hizo hizo hakiwapiti ulimini. Twawanasihi wakae na wazee waliobaki, wasomewe ukurasa kwa ukurasa, wanakili kwa herufi wanazozijua. Kazi hiyo haihitaji fedha, yahitaji jioni chache na subira.

Tena, kulikuwa na suala la kiwanja. Chuo kimejengwa katika ardhi ya mwalimu mwenyewe, na kwa miaka yote watu walijua kuwa amekiweka wakfu. Walijua, lakini hakuna aliyekuwa na waraka. Siku ya tatu ya matanga mmoja wa warithi aliuliza, naye alikuwa na haki ya kuuliza, kama kiwanja kile kimo katika mirathi au hakimo. Baraza lilinyamaza. Kisha wakasimama wazee wawili waliokuwapo siku mwalimu alipotamka wakfu ule, wakashuhudia. Warithi wote waliridhika, wakakubaliana kwenda kwa Kadhi ili jambo liandikwe na lisajiliwe. Hivyo chuo kimesalimika na undugu umesalimika.

Lakini na tujiulize: lau wazee wale wawili wangalitangulia mbele yake, ingalikuwaje? Ndugu wangaligawanyika, si kwa uovu wa yeyote, ila kwa kukosekana karatasi moja. Dini yetu imetuhimiza kuandika madeni na wasia, na sheria ya nchi yetu, katika ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, imezitambua mahakama za Kadhi katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaoridhia kwenda mbele yake. Mlango uko wazi. Mwenye kusema kuwa shamba hili ni la msikiti, na aliseme akiwa hai, mbele ya mashahidi, na kalamu ikiwa karibu.

Wa tatu hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa bodaboda asiyezidi miaka ishirini na mitano, aliyefikwa na ajali barabara kuu, asubuhi ya mvua. Kwa kijana aghalabu watu husema hakuwahi kuishi, hana la kukumbukwa. Twaomba kauli hiyo ikome. Kijana huyu alikuwa ndiye gari la wagonjwa la kijiji. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, nambari iliyopigwa ilikuwa ni yake, na alikuja, na kwa asiyekuwa na nauli alisema, “Tutaonana mama, kwanza ufike.” Wako watoto wachanga watatu kijijini waliofikishwa zahanati tumboni mwa mama zao juu ya pikipiki yake, wakarudi wakiwa wamebebwa kangani.

Pikipiki ile ilikuwa na deni. Alibakiwa na miezi mitano ya kulipa. Imethibiti kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliletewa jeneza la mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, akawaambia masahaba wamsalie mwenzao, na yeye akajizuia, hadi Abu Qatada alipolichukua deni lile juu ya nafsi yake. Wenziwe wa steji hawakuwa wanazuoni, lakini hadithi hiyo waliisikia msikitini na wakaifahamu kuliko wengi. Kabla ya jeneza kuinuliwa, kiongozi wao alisimama akasema kuwa deni la mwenzao ni lao. Walilipa kwa mafungu, kila jioni sehemu ya walichopata, na juma lililopita wakamkabidhi mamake marehemu risiti ya mwisho. Mama yule ameikunja akaiweka ndani ya msahafu. Sisi hatujui rambirambi iliyo bora kuliko hiyo.

Wa nne ndiye aliyetupatia kichwa cha makala haya. Alikuwa bibi wa kijiji, mkunga katika ujana wake kabla zahanati haijajengwa, na muosha maiti wa wanawake kwa muda wa miaka mingi isiyohesabika. Mikono yake ilikuwa ya kwanza kuwapokea wengi walipoingia ulimwenguni, na ya mwisho kuwagusa wengi walipotoka.

Kuosha maiti ni kazi isiyogombewa. Hana anayemwalika muosha kwa furaha. Huitwa saa yoyote, usiku wa mvua, mwezi wa Ramadhani akiwa na saumu, na akimaliza watu humpa mkono haraka kuliko kawaida. Bibi huyu hakuwahi kudai ujira. Mkoba wake ulikuwa tayari daima nyuma ya mlango: pamba, kafuri, ubani, mkasi, na majani ya mkunazi aliyoyakausha mwenyewe. Aliyafuata mafunzo yaliyopokewa kutoka kwa Ummu Atiyya, bibi aliyemuosha binti ya Mtume: kuanza upande wa kulia na viungo vya udhu, kuosha mara za witri, kutia kafuri katika maji ya mwisho, na kuzisuka nywele za maiti mikia mitatu. Sanda ya mwanamke, nguo tano, aliikata kwa macho bila ya kipimo, na haikupungua wala kuzidi.

Na juu ya yote hayo, alisitiri. Alioshea waliokufa kwa maradhi ambayo watu huyanong'ona, alioshea waliokuwa na alama za kupigwa, alioshea matajiri na masikini, na hakuna siku neno moja lilitoka chumba kile likafika kisimani. Palipokuwa na dhulma iliyohitaji kufikishwa kwa wenye mamlaka, aliifikisha kwao peke yao. Mbali na hapo alilifunga jambo kama alivyoifunga sanda. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini na watu wakaogopana hata kupeana mikono, wako waliodhani kuwa bibi naye atajifungia. Alifuata maagizo ya watu wa afya, akavaa alichoambiwa avae, na aliporuhusiwa kuosha akaosha.

Hadithi moja hutujia akilini kila tukimkumbuka. Palikuwa na mtu, katika riwaya nyingi ni mwanamke mweusi, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Akafa, masahaba wakamzika bila ya kumpa Mtume habari, kama kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akamuulizia, na alipoambiwa kuwa amekufa akawalaumu kwa kutomwarifu, kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Mfagizi wa msikiti, muosha maiti, mchimba kaburi, mvuta maji ya udhu: watu wa namna hii hawakai safu ya mbele penye sherehe, lakini Mtume wa Mwenyezi Mungu alikwenda kwa miguu yake hadi kaburini pao.

Wahenga walisema, muosha huoshwa. Zamu yake ilipofika, ndipo kijiji kilipogundua jambo zito. Hapakuwa na wa kumuosha. Wanawake walikusanyika uani, wakatazamana. Wote walimwona akiingia chumbani miaka yote, na karibu wote walikuwa wamechota maji na kusimama mlangoni, lakini hapakuwa na aliyejifunza kazi yenyewe hadi mwisho. Ilibidi waitwe wanawake wawili kutoka kijiji cha pili, nao walifika baada ya adhuhuri, na mazishi yakachelewa hadi alasiri. Aliyewaharakishia wengine kwa nusu karne, yeye mwenyewe alingojea.

Hili, ndugu wasomaji, ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kuosha maiti ni faradhi ya kutosheleza: wakiitekeleza baadhi, wengine husamehewa, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Kwa miaka mingi mwanamke mmoja aliibeba faradhi ya kijiji kizima, na kijiji kikalala. Leo hayupo. Maneno matamu ya taazia hayamuoshi maiti atakayefuata.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo machache, na kwa hisani ya msomaji tuyaseme waziwazi.

Kwanza, kila kijiji na kila mtaa uwe na waosha wasiopungua wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, na angalau mmoja katika kila wawili awe kijana. Mafunzo yake hayazidi siku mbili. Waalimu wako, misikiti iko. Katika kijiji tunachokisimulia, wasichana watatu na mama mmoja wamekwisha kujitolea, na wale wanawake wawili wa kijiji cha pili wamekubali kuwafundisha. Mkoba wa bibi umekabidhiwa kwao.

Pili, chakula cha matanga. Hatutaki kuingia katika mjadala wa hitima na arubaini, kwani wanazuoni wetu wana kauli zao na barazani pana nafasi yake. Tunasema lile ambalo hapana anayelipinga. Jaafar bin Abi Talib alipouawa shahidi, Mtume aliamuru watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, kwa kuwa wamefikiwa na la kuwashughulisha. Mfiwa hupikiwa, hapiki. Na mali aliyoiacha marehemu hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Palipo na mayatima, mchele wa pilau hautoki katika fungu lao. Atakaye kuwalisha watu kwa niaba ya marehemu na atoe mfukoni mwake.

Tatu, mjane aliye katika eda yake ya miezi minne na siku kumi asisahauliwe baada ya siku ya tatu. Siku ya tatu nyumba imejaa. Ni siku ya arubaini na tano, chumvi inapokwisha na hapana wa kutumwa dukani, ndipo jirani huhitajika.

Nne, mkae na wazee wenu wangali hai. Muulizeni mvuvi majina ya miamba, muulizeni bibi majina ya dawa na ya watoto aliowazalisha, muulizeni mwalimu mpaka wa kiwanja. Kumbukumbu nzuri ya mtu huanza kabla hajalazwa juu ya kitanda cha kuoshea.

Mtume wetu ametueleza kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Tukiwatazama wanne hawa, twaona kila mmoja ameshika kamba yake. Mzee ameacha vijana wanaorejea salama kutoka baharini. Mwalimu ameacha chuo na waliosoma ndani yake. Kijana ameacha watoto watatu wanaotembea leo. Bibi ameacha mkoba, na kamba yake itaendelea au itakatika kwa kadiri ya wale wanne waliojitolea watakavyoikaza.

Ewe Mola wetu, waghufirie wanne hawa na maiti wote wa Kiislamu, yapanue makaburi yao, yatie nuru, wasitiri kama walivyositiri. Wape wafiwa subira njema, na utujaalie nasi, siku yetu ikifika, tupate mikono ya upole ya kutuosha na ndimi za kweli za kutushuhudia. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.